Mjadala: Roketi zirushwe kutoka pwani yetu, au tuanze na uwanja wa kupimia injini?

Mzani wa Keko
Wakuu, kila roketi kubwa inapopaa huko Marekani au Uchina, vijiwe vya Dar vinarudia wimbo uleule: tuko karibu na ikweta, mbele yetu bahari, basi tujenge kituo cha kurushia roketi mahali fulani kati ya Mkuranga na Kilwa. Mimi napinga. Fedha ikipatikana, itangulie kwenye uwanja wa kupimia injini, yaani mahali pa kuiwasha injini ikiwa imefungwa chini. Kurusha kusubiri.

Tuanze na hiyo ikweta. Hapa Dar ardhi inakwenda mashariki kwa kama mita 462 kwa sekunde, kwa sababu dunia inajizungusha. Cape Canaveral ni kama mita 409. Tumewazidi mita 53. Roketi inahitaji jumla ya kama mita 9,400 kwa sekunde kufika njia ya chini ya kuizunguka dunia, ukihesabu na zile zinazoliwa na uvutano na hewa. Faida yetu yote ni kama nusu asilimia.

Na setilaiti za kupiga picha mashamba, misitu na mafuriko, ambazo ndizo nchi kama yetu inazihitaji, haziendi mashariki kabisa. Zinapita karibu na ncha za dunia, kwa mwinamo (pembe kati ya njia ya setilaiti na ikweta) wa digrii 97 au 98, ili zifike juu ya mahali pamoja kwa saa ileile ya jua. Kwa njia hiyo mzunguko wa dunia unakudai mita 60 na ushei, na deni hilo ni karibu lilelile uwe ikweta au Norwe. Kampuni ya Rocket Lab wanarusha kutoka Mahia, Nyuzilandi, digrii 39 kusini, na kazi inakwenda.

Kisha fungueni ramani. Ukirusha kusini kutoka Mkuranga, roketi inapita juu ya Lindi, Mtwara na Msumbiji, maana pwani imevimba kuelekea mashariki mpaka Nacala. Kaskazini una Unguja, Tanga, Kenya. Ukikata kona baharini kuikwepa nchi kavu, kona ina gharama yake ya mafuta, na Komoro wako hapo mbele.

Binti Ubungo
Kaka Mzani, hesabu sina ugomvi nayo. Ila umechagua njia inayokufaa wewe. Setilaiti za televisheni na mawasiliano zinakaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kwenda juu, na huko latitudo inalipa. Ikitoka Cape Canaveral, setilaiti inahitaji kama mita 1,800 kwa sekunde kujimalizia safari na kunyoosha mwinamo wake. Ikitoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ni kama 1,500. Dar tuko kundi moja na Kourou. Hizo mita 300 ni mafuta ambayo setilaiti ingeyatumia kuishi miaka zaidi kazini.

Wala si jambo geni ukanda huu. Jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, lilirusha setilaiti kuanzia 1967 mpaka 1988 kwa roketi za Scout za Marekani, hatua (vipande vinavyowaka kwa zamu) nne zote za mafuta makavu, yaani yabisi yasiyo kimiminika. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapaa pale setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani, ikaitwa Uhuru. Sasa Jibuti walitia saini makubaliano ya awali ya kituo 2023, na Uturuki imetangaza kujenga Somalia. Sisi tubaki kuunguza gesi kwenye zege?

Kaskazi
Dada, Malindi ni shahidi wa Mzani, si wako. Roketi ilikuwa ya Mmarekani, jukwaa la Mwitaliano, na baada ya 1988 urushaji ukafa. Yaliyobaki ni madishi ya kupokea mawimbi. Kenya ilipotaka kupeleka setilaiti yake Taifa-1 mwezi Aprili 2023, iliibeba mpaka California ikapanda Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, pamoja na mizigo ya wengine. Mwaka 2024 nafasi ya kilo 50 kwenye safari hizo za kuchangia ilikuwa dola 300,000. Kituo chetu kitamtoza mteja kiasi gani amwache huyo?

Mkaa Pwani
Mnaongelea mita kwa sekunde, watu wa huku wataongelea viwanja.

Brazili wana kituo cha kurushia cha Alcântara, digrii 2.3 kusini ya ikweta. Kwa latitudo wanatushinda. Miaka ya 1980 waliondoa familia zaidi ya 300 za wazao wa watumwa, wavuvi waliozoea bahari, wakazipeleka bara. Kesi yake ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Na tarehe 22 Agosti 2003, siku chache kabla ya kurusha roketi yao ya VLS-1, injini moja ya mafuta makavu ilijiwasha yenyewe ikiwa mnarani. Watu 21 wakafa. Ikweta haikuwasaidia kitu.

Halafu kuna sheria. Mkataba wa 1972 wa dhima unasema nchi inayorusha, na nchi ambayo ardhi yake imetumika kurushia, hulipa madhara yanayotokea juu ya ardhi bila kuulizwa kosa ni la nani. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Haikuua mtu. Sasa fikirini pete kama hiyo imetoka kwetu, mteja ni kampuni ya nje iliyokwisha filisika. Anayebaki na kitabu cha madeni ni Hazina.

Na eneo la bahari la kufungwa siku ya kurusha si la saa moja. Kukiwa na upepo mbaya huko juu, unafunga leo, kesho, na keshokutwa, na mvuvi wa dagaa hana mshahara wa kusubiria.

Mtata
Haya, tukubali kituo kina matatizo. Lakini na nyie wa uwanja wa kupimia mnajifanya kama mnaongelea gereji. Juni 30, 2024, huko Gongyi, Uchina, walikuwa wanapima hatua ya kwanza ya roketi ya Tianlong-3 ikiwa imefungwa chini. Kiungo kati ya roketi na mtambo kikakatika, roketi ikapaa yenyewe, ikaenda kuangukia milimani karibu na mji. Agosti 19 mwaka huohuo, Wajerumani wa kampuni ya roketi ya RFA walipoteza hatua ya kwanza nzima kule SaxaVord, Uskoti: moto ulianzia pampu ya oksijeni ya injini moja ukasambaa. Na Starship, roketi kubwa ya SpaceX, ya Juni 18, 2025 ililipuka hata injini hazijawashwa, mtungi wa gesi ya presha ulipasuka puani mwake. Uwanja wa kupimia hauna usalama wa bure.

Fundi Presha
Mtata umetaja mifano mizuri, na yote inanisaidia mimi. Vitu hivyo vilivunjika chini, ambako kuna vipimo, kamera na mabaki ya kuokota. Roketi ya kampuni ya Isar iliyopaa kutoka Andøya, Norwe, Machi 30, 2025 ilikaa hewani nusu dakika hivi ikarudi baharini, na hilo wahandisi waliliita mafanikio kwa sababu ya data. Sisi data hiyo tunaweza kuipata kwa injini ndogo kuliko pipa.

Niweke namba, maana mjadala huu unaelea. Chukua injini ya kilonyutoni 5, yaani inasukuma kama kilo 500. Methani na oksijeni kimiminika, presha ya chumba cha mwako baa 20 (baa moja ni karibu presha ya hewa ya kawaida). Moshi ukitoka kwenye nozeli, yaani mdomo wa injini, kwa mita 2,300 kwa sekunde, injini inakula kilo 2.2 kila sekunde. Kwa uwiano wa oksijeni 3 kwa methani 1, jaribio la sekunde 10 ni kilo 16 za oksijeni na kilo 5.5 za methani. Oksijeni agiza mara mbili au tatu ya hapo, kwa sababu nyingi itachemka na kupotea wakati unapoza mabomba kufikia nyuzi 183 chini ya sifuri. Matangi yawe na kama baa 30: ishirini za chumba, nne au tano zinazopotea kwenye vichwa vya kunyunyizia, zilizobaki zinaliwa na vali, mabomba na njia za kupozea kuta. Ukipunguza upotevu wa kwenye vichwa ili kuokoa presha, mtikisiko wa chumbani unarudi nyuma kwenye mabomba na injini inaanza kuguruma mpaka inajila.

Kinachoua injini changa ni kuwaka kwa kuchelewa. Vali zikifunguka nusu sekunde kabla ya moto, una zaidi ya kilo moja ya mchanganyiko umekaa chumbani, na ukiwaka unawaka wote kwa mpigo. Dawa ni waya mwembamba mbele ya kiwashio: ukikatika kwa moto, mtambo unajua kiwashio kinawaka kweli, ndipo unaruhusu vali. Bila ishara hiyo, hakuna kufungua, hata kama kila mtu anaona moshi kwenye kamera. Wakati wa kuzima, funga oksijeni kwanza. Ukifunga methani kwanza, oksijeni iliyobaki inakula shaba ya chumba kama msasa. Kisha pitisha nitrojeni.

Mabomba ya oksijeni yasafishwe mafuta yote. Si kupangusa kwa kitambaa, namaanisha kuoshwa kwa kiyeyusho, kukaushwa kwa nitrojeni safi, kufungwa mifuko, kuguswa kwa glovu. Alama ya kidole chenye grisi inatosha kuanzisha moto. Na kila kipande cha bomba kilicho kati ya vali mbili kiwe na vali ya kupunguzia presha, kwa sababu oksijeni kimiminika ikinaswa hapo na kupata joto inataka nafasi mara 860.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio, vali za mafuta zijifunge zenyewe kwa springi na za kutolea presha zijifungue. Watu wengi wanapanga vizuri jaribio na kusahau jenereta.

Binti Ubungo
Hapo nimekuelewa, Fundi. Lakini umeruka jambo: methani tunayo. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni methani zaidi ya asilimia 95, bomba linafika Dar, bajaji zinajaza mjini. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya pwani hii kuliko ikweta. LandSpace, kampuni ya Uchina, walifika njia ya kuizunguka dunia kwa methani Julai 2023 wakiwa wa kwanza duniani. Kwa nini tusiseme wazi kwamba uwanja huu uwe wa methani?

Fundi Presha
Nakubali kwa masharti. Gesi ya bomba si ya kumimina kwenye injini. Kabonidioksaidi huganda ukiipoza kufikia nyuzi 161 chini ya sifuri ambako methani inakuwa kimiminika, na chembe za barafu yake zinaziba matundu ya milimita moja. Mvuke wa maji nao vilevile. Gesi iliyokwisha tiwa harufu ya usalama ina salfa, na salfa inashambulia shaba kwenye njia za kupozea: uso unakwaruzika, joto linapanda, ukuta unatoboka. Kwa hiyo kabla ya injini unahitaji mtambo wa kuchuja. Kazi hiyo wakemia wa vyuo vyetu wanaiweza, ila iwekwe kwenye bajeti, isiachwe kuwa mshangao.

Na uwanja ukiwa pwani, chumvi. Falcon 1 ya kwanza, roketi ndogo ya SpaceX, Machi 24, 2006, ilishika moto mara baada ya kupaa kutoka kisiwa cha Omelek, Pasifiki. Nati moja ya aluminiamu kwenye bomba la mafuta ilikuwa imeliwa na hewa ya bahari. Wakabadilisha kuwa ya chuma kisichoshika kutu. Nati tu. Mimi ningeusogeza uwanja ndani kilomita thelathini au arobaini kutoka ufukweni.

Mtata
Sawa, lakini mafuta makavu je? Rahisi, hayana pampu wala baridi. Scout ya Malindi ilikuwa hivyo.

Kaskazi
Rahisi kwa mtumiaji, si kwa mtengenezaji. Roketi ya Vega-C ya Ulaya ilianguka Desemba 2022 kwa sababu kipande cha kaboni kwenye koo la nozeli ya hatua ya pili kililika haraka kuliko hesabu. Wakabadilisha, wakapima Juni 2023, nozeli ikaharibika tena chini. Ikarudi kazini Desemba 2024, karibu miaka miwili. Hao wana viwanda. Na mafuta makavu ukishayawasha huna vali ya kufunga. Alcântara imeshatajwa hapo juu.

Mie nasema tuanze chini zaidi ya alipoanza Fundi. Injini ya nyutoni 500, yaani inasukuma kama kilo 50, gesi kwa gesi, methani na oksijeni za mitungi, sekunde tano. Hakuna baridi, hakuna kuchemka. Oksijeni ya mitambo ya hospitali ipo.

Fundi Presha
Wazo zuri, mkuu, ila angalia sehemu tatu. Oksijeni ya mitambo ya hospitali ni kama asilimia 93, iliyobaki zaidi ni argoni. Itawaka, lakini lazima ubadilishe uwiano kwenye hesabu, na usiitoe pale ambapo wodi inaihitaji. Nunua ya viwandani.

Pili, injini hiyo itataka kama gramu 170 za oksijeni kwa sekunde. Mtungi wa lita 50 wenye baa 150 una kama kilo 10, kwa hiyo kiasi kinatosha, lakini regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya mtungi) ya kuchomelea haipitishi mkondo huo hata robo. Presha itaporomoka sekunde ya kwanza na utadhani injini ndiyo mbovu. Unganisha mitungi kadhaa, tumia regyuleta ya mkondo mkubwa.

Tatu, vali ya oksijeni yenye presha kubwa usiifungue ghafla. Gesi ikijibana kwa mpigo mwisho wa bomba inapata joto la kuwasha mpira wa vali. Ifunguliwe taratibu kwa mota, watu wakiwa nyuma ya ukuta, na kabla ya hapo nani mwenye mamlaka ya kusema "simama" aandikwe jina lake ubaoni. Hilo la jina ndilo sijaona mtu yeyote hapa akilijadili.