Kwa nini varianzi ya sampuli hugawanywa kwa n − 1?

Swali
Habari zenu wakuu. Nilipima uzito wa mayai 10 kati ya mayai 400 yaliyookotwa bandani siku moja, ili nikadirie varianzi ya yote, yaani jinsi uzito unavyotawanyika kuzunguka wastani. Nilijumlisha miraba ya tofauti kati ya kila yai na wastani, nikagawanya kwa 10, lakini msimamizi wangu amekata 10, yaani n, idadi ya mayai niliyopima, kwa kalamu nyekundu na kuandika 9. Excel kwenye kompyuta nayo ina fomula VAR.P, inayogawanya kwa n, na VAR.S, inayogawanya kwa n − 1, zenye majibu tofauti. Yai moja limekwenda wapi?

Jibu la 1
Ndugu, kama ungeujua wastani halisi wa mayai yote 400, kugawanya kwa 10 kungefaa. Wewe ulitumia wastani uliotokana na mayai yaleyale 10, na wastani huo daima hukaa pale ambapo jumla ya miraba ni ndogo kuliko popote pengine, ndiyo maana kadirio lako huelekea kupungua. Andika 2, 4 na 6 kwenye vikaratasi vitatu. Varianzi ya kundi hilo zima ni 8/3. Chota kimoja, ukirudishe, kisha uchote tena: njia ziko 9. Katika njia tatu jumla ya miraba ni 0, katika nne ni 2, katika mbili ni 8. Ukigawanya kila jumla kwa 2, wastani wa majibu ni 12/9, nusu ya ukweli. Ukigawanya kwa 1 ni 24/9, yaani 8/3 yenyewe.

Muulizaji
Nimevikata vikaratasi, ila nilichota bila kurudisha. Nikigawanya kwa 1, wastani wa majibu ni 4, si 8/3.

Jibu la 1
Hujakosea. Usiporudisha, kinacholengwa ni jumla ya miraba ya kundi zima ikigawanywa kwa N − 1 (N ni idadi ya kundi zima), hapa 8/2. Kwa mayai 400 tofauti hiyo haionekani.

Jibu la 2
Naongeza tahadhari. Kutokuwa na upendeleo huko, yaani wastani wa makadirio kulingana na ukweli, ni kwa varianzi tu. Ukitoa kipeuo cha pili ili upate mkengeuko sanifu, kadirio hupungua tena kidogo. Mimi pia siliabudu sharti hilo, kwani data zikifuata mgawanyo wa kawaida (wenye umbo la kengele), kugawanya kwa n + 1 huwa na wastani mdogo zaidi wa miraba ya makosa. Kubwa kuliko yote, 9 haiponyi sampuli iliyochaguliwa vibaya. Mayai hayo uliyapataje?

Muulizaji
Trei ya juu, ambako mfugaji huweka makubwa ya kuuza. Kesho narudi bandani.