Wameniuzia mota, kumbe ni rola! Mlango wa slaidi wa umeme na mafundi wasiopima

Wadau wa magari, uzi huu ni wa hasira. Kuna gereji hapa Kisumu imenitoza Sh38,000 kwa mota ya mlango ambayo gari halikuihitaji, kisha ikakata kifaa cha usalama cha mlango huo huo bila kuniambia. Jina la gereji silitaji kwa sababu suala lenyewe nalipeleka kunakostahili. Ninachotaka ni kila mwenye van ya mlango wa umeme asome hapa kabla hajatoa hela yake.

Gari ni van ya Kijapani, zile za familia zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika. Tuliitengeneza kampa: kitanda, friji ndogo, sinki, meza ya kukunja. Tunaikodisha kwa watu wanaotaka kulala Bogoria, Msitu wa Kakamega au pale ufukweni Dunga. Mlango wa kushoto ndio unaoelekea kando ya barabara, ndio wateja wanaouingilia, na jiko liko hapo hapo. Ukigoma huo, hakuna kazi.

Ulianza kugoma hivi. Unabonyeza swichi, mlango unatembea hadi katikati, unalia bip, unarudi ulikotoka. Ukiubembeleza unafunga. Kesho yake unafunga bila shida, jioni unagoma tena. Mbaya zaidi ilitokea Kericho, na mvua ya Kericho mnaijua. Mlango umesimama nusu wazi, familia iko ndani na mtoto mdogo, godoro linalowa, na mimi napigiwa simu niko Kisumu. Nilirudisha pesa zote za watu wale, na walistahili.

Nikapeleka gari gereji. Fundi hakuugusa mlango kwa mkono. Narudia: hakuugusa. Alibonyeza swichi, akasikiliza, akaniambia, "Madam, mota imeisha. Hizi gari za kisasa hazirekebishiki, ni kubadilisha tu." Spea ikaagizwa Grogan, Nairobi, mtumba wa kutoka Japani, ikafungwa. Mlango ukafika katikati, ukalia bip, ukarudi. Hapo ndipo wimbo ukabadilika: sasa ni kompyuta ya mlango, niongeze pesa. Nilipokataa, wakasema ni uzito wa meza ninayoining'iniza mlangoni. Meza ile inatoka kwa pini mbili. Niliitoa mbele yao na mlango ukarudi vile vile. Hakuna aliyenijibu kitu.

Nilipata ukweli Nakuru, kwa fundi wa bodi kule viwandani, mzee mtulivu ambaye kwanza aliniuliza, "Mama, ukizima umeme wake unasukumika?" Akazima swichi kuu ya milango pale kwenye dashibodi, akaushika mlango kwa mkono mmoja, akauvuta. Ulikuwa mzito, na ulikwama pale pale katikati mota ilipokuwa ikigomea. Kipimo hicho hakina gharama yoyote, na hakihitaji mashine. Ukiwa mzito kwa mkono, ugonjwa uko kwenye chuma: reli, rola (vile vigurudumu vinavyobeba mlango kwenye reli), bawaba. Ukiwa mwepesi kwa mkono lakini umeme hauusogezi, hapo ndipo uanze kuwaza fyuzi, betri, waya, kebo au mota. Gereji nzima Kisumu haikufanya jambo hilo dogo kabla ya kuniuzia spea ya maelfu!

Kilichokuwepo ni hiki. Mlango wa slaidi hutembea kwenye reli tatu: ya juu, ya chini, na ile ya katikati inayoonekana kwa nje ubavuni, chini ya dirisha la nyuma. Rola ya mkono wa katikati ilikuwa imekufa beringi, haizunguki, inaburuzwa tu kama gunia. Mota inapohisi mzigo umezidi, mfumo unadhani kuna mtu au kitu kimebanwa, unaurudisha mlango. Yaani ule mlango haukuwa na wazimu. Ulikuwa unafanya kazi iliyowekewa, na mota ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Halafu wale wa Kisumu walikuwa wamepaka grisi nzito reli yote. Kwa vumbi letu hili la murram, grisi ya namna hiyo inageuka udongo wa kufinyangia vyungu. Mzee alitumia muda mrefu kuikwangua kuliko kubadilisha rola yenyewe, kisha akapulizia silikoni isiyoshika vumbi.

Sasa njooni kwenye jambo linaloninyima usingizi. Alipofungua paneli ya ndani alikuta waya za ule mpira wa ukingo wa mbele wa mlango zimekatwa na kuunganishwa kienyeji, zikazungushiwa utepe mweusi. Kwa msiojua, ndani ya mpira ule kuna kihisi. Ukigusa kidole tu wakati mlango unafunga, unarudi. Walikiondoa wakidhani ndicho kinachorudisha mlango, kumbe kilichokuwa kikiurudisha ni ule mzigo wa rola. Hawakukirudisha. Hawakuniambia. Hakuna kwenye risiti. Gari likatoka pale, likabeba familia nyingine, watoto wakishika ukingo wa mlango ule wanavyoshika watoto wote. Mlango wenyewe ungesubiri mpaka mota ihisi nguvu ya kutosha ndipo urudi, na nguvu hiyo kwa vidole vya mtoto wa miaka mitatu ni nyingi mno. Mtu anayefanya hivyo hajakosea bahati mbaya. Amechagua.

Na kabla hamjaniandikia hapa chini "zima umeme utumie mkono kama nissan za zamani": rola iliyokufa ni nzito kwa mkono pia, na mlango uliokwama Kericho usiku hauulizi unausukuma kwa nini. Wale wa "ni betri tu" wana haki kidogo. Kampa nyingi friji imeunganishwa kwenye betri ya injini, asubuhi betri iko karibu na volti 12 badala ya 12.6, na mlango wa umeme ni kati ya vitu vya kwanza kulalamika. Kwangu friji ina betri yake, na mzee alipima betri gari likiwa limezimwa na likiwa limewashwa. Alipima! Pia aliangalia kama gia iko P, kama kifuniko cha tangi kimefungwa, maana magari mengi hukataa kufungua mlango wa upande ule kikiwa wazi, na akahamisha gari kutoka kwenye mteremko. Dakika chache za akili.

Gereji ile nimeiandikia barua na kuambatisha picha za waya. Nataka pesa ya mota na ya kazi, na nataka walipie kihisi kipya. Jibu nililopata ni kwamba spea ya umeme ikishafungwa hairudishwi. Katiba yetu, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari, haki ya kulindwa usalama wake na haki ya kufidiwa. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi Sh1 milioni, huhitaji wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Fomu ninayo. Mota yao ninayo pia, imefungwa kwenye karatasi, na ile ya zamani nimeidai mpaka wakaitoa.

Mafundi mlioko humu, najua wako wazuri, na yule wa Nakuru ni shahidi. Lakini nyinyi ndio mnaowajua wenzenu wanaokata waya za usalama wakinyamaza. Waambieni.

Ninachohitaji kwenu kwa sasa: aliyewahi kununua mpira wa ukingo wenye kihisi, mlango wa kushoto, aseme kama alipata Kisumu, Nakuru au ni lazima Nairobi, na kama waya zake zilifika zikiwa na plagi au zilikatwa kwenye gari la mtumba. Zilizokatwa sizitaki. Na aliyeshawahi kuishtaki gereji mahakamani Kisumu aniambie alipeleka ushahidi gani. Mpaka mpira huo upatikane, swichi kuu ya mlango imezimwa na kampa haikodishwi kwa mtu mwenye mtoto.