Naomba ushauri: nikimuuza farasi wangu, ni lazima nitaje kila alichowahi kuugua?

Mwenye Hatamu
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nina farasi jike wa miaka 13, wa rangi ya kahawia, mpole kiasi kwamba hata kamba ikifunguka hubaki amesimama palepale akinisubiri. Nimekaa naye miaka 6. Kwa sababu za kifamilia ambazo nisingependa kuzieleza hapa, imenilazimu kumuuza, na mnunuzi amekwisha kupatikana. Kinachoninyima usingizi ni fomu aliyoniletea, yenye sehemu iliyoandikwa "Historia ya afya ya mnyama", na chini yake mistari 8 mitupu. Farasi huyu ameugua kama anavyougua farasi yeyote wa umri wake. Aliwahi kupata msokoto wa tumbo mara moja, akapona baada ya daktari kumtibu usiku uleule; aliwahi kukatwa na waya kwenye mguu wa nyuma, na kovu bado lipo; na aliwahi kusumbuliwa kidogo na miguu. Sasa anatembea vizuri. Je, niandike yote, au niandike yale tu ambayo bado yapo? Sipendi kumtisha mtu kwa mambo yaliyokwisha.

Bibi Tandiko
Mwanangu, andika yote. Nilipomnunua farasi wangu wa pili, aliyeniuzia alinionyesha mnyama akiwa uwanjani, mbali na nguzo na mbao zote, nami nikavutiwa na manyoya yake yanayong'aa. Nyuma ya masikio manyoya yalikuwa yamelala kama yamepigwa pasi, nikadhani ni alama ya hatamu. Usiku wa kwanza zizini nikasikia sauti ya mtu anayekoroma huku akiwa macho: kumbe farasi ameng'ata ukingo wa mlango na anameza hewa, na ile alama ilikuwa ya ukanda anaovishwa farasi mwenye tabia hiyo. Nilikaa naye hadi alipokufa, na nilimpenda. Lakini yule muuzaji nikikutana naye leo, sitampa mkono.

Karani wa Zamu
Mistari 8 inakutosha sana, ndugu yangu. Mimi nikitakiwa kuandika historia ya afya yangu tangu nilipooa, nitahitaji daftari zima.

Daktari wa Zizini
Naomba tusiharakishe kumpa jibu, kwa kuwa swali lenyewe halijakamilika. Mleta mada ameeleza tumbo kwa undani, akaeleza waya, kisha akapita juu ya miguu kwa maneno manne. Kusumbuliwa kidogo na miguu ni nini hasa? Ni miguu ya mbele au ya nyuma, ni lini, na je, alipigwa picha za eksirei?

Mwenye Hatamu
Ahsante, Daktari. Ni miguu ya mbele, yote miwili. Kwato zilipata joto mwaka juzi baada ya kuachiwa kwenye nyasi changa, akachechemea siku kadhaa, akatibiwa, akapona. Mnunuzi amekwisha kuja mara mbili, amemwona akitembea, ameinua kwato mwenyewe na kuzisifu kuwa ni laini. Ndiyo maana nauliza kama kuna haja ya kufufua jambo la mwaka juzi.

Daktari wa Zizini
Kwato zilizopata joto zina jina, nalo ni laminitisi. Ulipigiwa eksirei au hukupigiwa?

Mwenye Hatamu
Nilipigiwa. Mfupa wa ndani ya ukwato wa kushoto ulikuwa umegeuka kwa nyuzi 6. Hali ilijirudia mara moja tu, miezi 5 iliyopita, lakini safari hii ilikuwa nyepesi. Naomba nieleweke: mimi si tapeli. Mnunuzi ni mtu mzima, hakuniuliza lolote kuhusu kwato, na hakuna aliyemzuia kumleta daktari wake. Isitoshe, amekwisha kunipa malipo ya awali, na fedha hizo zimetumika.

Daktari wa Zizini
Sasa tunazungumza. Kwa wasiojua, mfupa wa mwisho wa mguu wa farasi umeshikwa na ukuta wa ukwato kwa vijikunjo vya nyama laini vilivyopangika kama kurasa za kitabu. Vijikunjo hivyo vikiharibika, mfupa hupoteza mshiko, ukageuka au ukazama, na kila hatua inakuwa mateso. Nyasi zenye sukari nyingi ni chanzo kimojawapo. Maradhi ya homoni ni kingine, hasa kwa farasi wanaozeeka, na hilo hupimwa kwa damu. Jambo la kushika hapa ni kwamba farasi aliyewahi kupatwa ana hatari kubwa ya kupatwa tena. Kwa hiyo hii haiwezi kuitwa habari ya mwaka juzi. Atakayemchukua anahitaji kujua leo ni malisho gani ampe, ni saa ngapi amtoe nje, na ni dalili gani aziangalie: farasi anayeegemea nyuma kama anayeogopa kukanyaga, anayegeuka kwa hatua fupi kwenye sakafu ngumu, anayelala chini kuliko kawaida. Usipomwambia, unamuumiza mnyama mara mbili.

Mtu wa Mnada
Daktari anazungumza kama daktari, mimi nazungumza kama mtu wa soko. Kuna lugha yetu inayomaliza mambo bila ugomvi. Andika "anahitaji uangalifu katika malisho". Mjuzi ataelewa, asiye mjuzi atauliza, na wewe utakuwa hujasema uongo.

Bibi Tandiko
Asiye mjuzi hatauliza, kwa sababu hajui kuwa kuna la kuuliza. Ndiyo maana anaitwa asiye mjuzi.

Mzee wa Mikataba
Nimefanya kazi ya kuandika mikataba muda mrefu, na naomba nitofautishe mambo mawili ambayo mleta mada anayachanganya. Kunyamaza pasipo kuulizwa ni suala ambalo sheria za nchi mbalimbali zinalitazama kwa namna tofauti, na ziko zinazomwachia mnunuzi mzigo wa kuchunguza. Lakini fomu yenye swali ni swali lililoulizwa. Ukiacha mistari hiyo mitupu, au ukaijaza nusu ilhali unajua nusu nyingine, umejibu, na umejibu isivyo kweli. Hapo katika nchi nyingi mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba wote na kudai gharama juu yake. Wala tusidhani ni ukali wa siku hizi: maofisa wa masoko wa Roma ya kale waliwalazimisha wauzaji wa wanyama kutangaza waziwazi ugonjwa na kasoro ya mnyama kabla ya kuuza. Ushauri wangu ni kwamba uandike tarehe, ugonjwa, matibabu na jina la aliyetibu, uambatishe picha za eksirei, nyote wawili mtie saini kila ukurasa, kisha umruhusu daktari wako kwa maandishi azungumze na daktari wa mnunuzi. Karatasi hiyo itakulinda wewe kuliko itakavyomlinda yeye.

Jicho Kali
Mimi nimesoma uzi huu tangu juu, na kwa heshima zote naona tumenyweshwa chai. Ukwato wa farasi hukua kwa takribani sentimita 1 kwa mwezi au pungufu, na kutoka juu kwenye manyoya hadi ncha ya chini huchukua karibu mwaka. Laminitisi huacha mistari kwenye ukuta wa ukwato, iliyobanana mbele na kutanuka kuelekea kisigino. Ya miezi 5 iliyopita ingekuwa sasa hivi katikati ya ukwato, mahali ambapo hata mtoto angeiona. Lakini tunaambiwa mnunuzi ameinua kwato kwa mikono yake na kuzisifu kuwa ni laini. Vilevile tunaambiwa farasi huyo alitembea vizuri mbele ya mgeni mara mbili. Ama farasi hayupo, ama kuna kitu hakijasemwa. Mleta mada atuwekee picha za kwato zilizopigwa leo.

Karani wa Zamu
Nilikuwa nimekwisha kumwonea huruma farasi. Sasa sijui huruma yangu niipeleke wapi.

Mtu wa Mnada
Naungana na Jicho Kali. Huyu anatutungia hadithi, na sisi tunamwandikia vitabu.

Mwenye Hatamu
Farasi yupo. Nimekaa na simu hii mkononi muda mrefu kabla ya kuandika, kwa hiyo naomba mnisome hadi mwisho.

Mistari ilikuwepo. Siku mbili kabla ya mnunuzi kuja, nilichukua tupa ya fundi wa kwato nikaisugua mwenyewe hadi ukuta ukawa laini, kisha nikapaka mafuta meusi ili pasionekane palipokwaruzwa. Ule unga uliobaki chini ulikuwa mweupe kama wa chaki, nikaufagia. Na asubuhi za siku zote mbili alizokuja nilimchanganyia kwenye chakula fenilibutazoni, dawa ya unga ya maumivu ambayo daktari alituachia. Ndiyo maana alitembea vizuri.

Mnunuzi ni mama, anamnunulia binti yake wa miaka 11. Mtoto alikuja mara ya pili. Alimpiga farasi brashi kwa nusu saa, akaniuliza anapenda kukunwa wapi, nikamwonyesha.

Nilipofungua uzi huu nilikuwa natafuta mtu mmoja tu wa kuniambia kuwa si lazima.

Jicho Kali
Naondoa neno langu la chai. Mengine uliyoyasema siyaondolei chochote.

Bibi Tandiko
Mficha maradhi kilio humfichua, mwanangu, na hapa kilio kingekuwa cha mtoto aliyeanguka pamoja na farasi wake. Mpigie mama yake leo.

Mtu wa Mnada
Kama ni unga tu, ungeuacha wiki mbili, damu ikasafika, na daktari wao asingeona kitu.

Daktari wa Zizini
Mtu wa Mnada, madaktari wengi wanaomkagua farasi kabla hajanunuliwa huchukua damu siku ya ukaguzi na kuihifadhi kwa miezi kadhaa, ili farasi akianza kuchechemea baada ya mauzo ipelekwe kupimwa dawa. Na dawa ikiisha mwilini, maumivu yanarudi. Ukuta utakuwa laini, lakini mwendo utasema. Mleta mada, nawe usimkatishe dawa ghafla kwa sababu ya aibu. Muulize daktari aliyemwandikia. Ukweli wako unatakiwa uende kwa mnunuzi, usilipiwe na miguu ya farasi. Na tupa hiyo mrudishie fundi, umwambie ulipopunguza, kwa kuwa ukuta uliosuguliwa sana unadhoofika.

Mwenye Hatamu
Nimempigia. Nilianza kwa kusoma nilichokuwa nimeandika kwenye fomu, ambacho kilijaza mistari 8 na kuendelea nyuma ya karatasi. Nilipofika kwenye tupa hakusema kitu, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama mtoto angeweza kuumia. Nikasema ndiyo. Anataka fedha zake zirudi, nami nimeomba nimlipe kwa awamu mbili. Amekubali kwa sauti ambayo sitaisahau upesi. Binti yake hajaambiwa. Farasi bado ninaye, na sababu za kifamilia bado zipo palepale, kwa hiyo kwa upande huo sijasogea hata hatua moja.

Karani wa Zamu
Fomu imejaa hadi nyuma ya karatasi. Nilikuambia kuhusu daftari.

Msomaji Kimya
Sijawahi kuchangia hapa, samahanini. Nina farasi mzee aliyebaki peke yake tangu mwenzake afe, nina uwanja wa mchanga usio na nyasi hata kidogo, na sina mtu wa kumpandisha juu ya farasi. Laminitisi nimeishi nayo miaka 4, naijua. Sitalipa alicholipa yule mama. Kabla hatujazungumza zaidi, naomba picha za eksirei, zote mbili, ya mwaka juzi na ya miezi 5 iliyopita, na namba ya daktari wako. Kwato nitaziangalia mwenyewe, zikiwa hazijapakwa mafuta.