Kijani kilichopoa sebuleni: asubuhi kijivu, usiku kaki

kona_ya_sebule
Wakuu, sebule ni mita 4 kwa 3.5, kimo 2.7, mlango mmoja na dirisha moja. Nataka kijani kilichopoa, kile kinachokaribia majani makavu. Kipande nilichojaribu ukutani asubuhi ni kijivu, usiku kinageuka kaki. Ukuta una rangi ya mafuta ya krimu inayong'aa, sakafu ni vigae vyekundu. Ninunue lita ngapi, na nianze na nini?

brashi_pana
Rangi haijageuka mkuu, ni mwanga. Kijani hiki kimezimwa kwa nyeusi na njano ya udongo, kwa hiyo hakina msimamo. Mwanga wa dirishani jua likiwa upande wa pili una ubuluu, unafufua kijivu. Balbu ya kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ndogo ni mwanga wa njano zaidi) inafufua njano. Jaribu ya 3000 hadi 3500 yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) 90 kwenda juu kabla hujailaumu rangi.

Halafu usijaribie juu ya krimu, inadanganya jicho. Paka ubao mweupe wa sentimita 50 kwa 50, mikono miwili (yaani tabaka mbili), uache ukingo mweupe pande zote. Usogeze: kando ya dirisha, kwenye kona yenye giza, chini karibu na vigae. Wekundu wa sakafu hukifanya kijani kionekane kikali zaidi, kwa hiyo chagua kilichopoa hatua moja kuliko ulichokipenda dukani.

msasa120
Mimi nahofia zaidi hiyo rangi ya mafuta. Rangi ya maji haishiki kwenye mng'ao. Baada ya muda itabanduka vipande vipande, hasa penye mikono na migongo ya viti. Osha ukuta kwa maji ya sabuni, suuza, uache ukauke. Piga msasa namba 120 kisha 180 hadi mng'ao ufe wote, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka praima (rangi ya kwanza ya msingi) ya kushikia juu ya rangi ya mafuta. Ikikauka sawasawa, chora msalaba kwa wembe, bandika tepu, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, rudi kwenye msasa.

Kama rangi hiyo ni ya miaka mingi, huenda ina madini ya risasi. Hapo usipige msasa mkavu kabisa.

Lita: mzunguko mita 15 mara 2.7 ni 40.5. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama mita za mraba 37. Mikono miwili ni 74, na lita moja hufunika takriban 10. Nunua 8, zote siku moja, uzimimine kwenye ndoo moja kubwa na kukoroga. Makopo ya kijani hiki yakitofautiana kidogo tu, mpaka utaonekana katikati ya ukuta.

kona_ya_sebule
Asanteni. Isiyong'aa au silki, ile yenye mng'ao kidogo?

brashi_pana
Isiyong'aa. Silki itaanika kila bonde la plasta. Ubaya wake, ukiisugua kwa nguvu inaacha doa linalong'aa, basi tafuta iliyoandikwa inaoshwa.

msasa120
Na dari usipake nyeupe kali, itaonekana ya kibuluu pembeni ya kijani hicho. Weka nyeupe yenye ukrimu kidogo.