Yule bwana wa filimbi pale kwa sokwe, wazazi tumemkosea nini?

Baba_Machachari
Wakuu, naandika viatu bado vina vumbi la zuu na mikono inatetemeka, makosa ya herufi mnivumilie.

Nimempeleka mwanangu wa miaka 4 kuona wanyama. Mwezi mzima kila asubuhi ananiuliza "ni leo?" Leo ikawa leo. Simba tumemkuta kalala, katupa mgongo. Mtoto kamwita, kamwimbia, mimi nikanguruma kidogo (ndiyo, nimenguruma, tuendelee). Hata sikio halikutikisika. Hilo nimesamehe.

Tukafika kwenye kioo cha sokwe. Mtoto yuko mabegani, kanishika masikio yote mawili kama usukani. Nikaona hapa ndo pa kuonyesha kwamba baba kasoma. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Unamwona yule? Yule ni NYANI."

Ndo akatokea yule bwana. Mnamjua. Filimbi shingoni, funguo kiunoni zinalia kama kengele ya mbuzi. Alikuwa anafagia majani huko kwa chui, kilomita mbili hivi kutoka tulipo. Kaacha fagio, kaja, kasimama mbele ya watu kama elfu sita, hakumwangalia mtoto, kaniangalia mimi, kaniuliza taratibu:

"Mzee, mkia uko wapi?"

Jamani. Mkia uko wapi. Na hiyo "mzee" nina miaka 34.

Nikaanza kuukagua mgongo wa sokwe kama mtu aliyepoteza funguo. Mkia hakuna. "Basi huyo ni sokwe. Nyani yuko kule, ana mkia." Halafu kapuliza filimbi! Filimbi ya nini? Nani alikuwa kavuka uzio? Sokwe mwenyewe anatafuna jani, ananitazama, nahisi naye kaelewa.

Tangu hapo mtoto hana wimbo mwingine. Kwa kobe: "Baba, mkia uko wapi?" Kwa mbuni: "Baba, mkia uko wapi?" Getini kamuuliza mama wa watu aliyekuwa anafunga kamba za viatu. Nyumbani hajavua hata soksi, kamwambia mama yake: "Baba hajui nyani." Tembo hajamtaja. Tembo mzima!

Nauliza tu: mtu na akili zako unamuuliza baba wa mtu mkia uko wapi, mtoto wake akiwa juu ya mabega?

KitiChaMbele
Nimeshavuta kiti. Kwa hiyo mkuu, mkia uko wapi?

Mama_Mapacha
Huyo wa filimbi mbona namfahamu vizuri. Mimi aliniambia kibao cha "usigonge kioo" hakijaandikiwa watoto peke yao. Mama mkwe yuko pembeni anasikiliza. Mpaka leo nikigonga mlango wake anacheka.

Mchokonozi
Mtoa mada, jamaa yuko sahihi. Sokwe hana mkia, orangutangu hana, wewe huna. Nyani anao. Hii ni ya darasa la ngapi?

Baba_Machachari
@Mchokonozi nimesema wapi kakosea?? Nalalamikia ALIVYOULIZA. Angeninong'oneza angepungukiwa nini?

Mzee_wa_Data
Hata hivyo kanuni ya mkia si ya kuapia. Kuna kima wa Barbary, wapo Moroko, Algeria na Gibraltar. Mkia wake ni kinundu tu, huuoni, na bado yeye si sokwe. Ungemjibu hivyo angekimbia na filimbi yake.

Baba_Machachari
Haya ndo unaniletea saa hizi? Niliyahitaji saa 5 asubuhi!

Mchokonozi
Na huyo bwana naye kasema "sokwe" tu. Sokwe mtu au gorila? Ungemkamata hapo hapo.

Bi_Kiraka
Nyie mna bahati ya kugombania sokwe. Wangu tumefika kwa tembo, kampa mgongo, kachuchumaa saa nzima anaangalia njiwa. Njiwa! Dirishani kwetu wamejaa, bure kabisa.

KitiChaMbele
Wangu alikuwa sisimizi. Tulipotaka kuondoka akawaaga mmoja mmoja.

Dereva_wa_Kigari
Hakuna anayezungumzia wenye vigari vya watoto wanaoegesha kama lori mbele ya viboko? Mtoto wangu kaona matairi.

Mama_Mapacha
@Dereva_wa_Kigari na jina lako hilo, hebu tulia.

Tunu_wa_Nne
Mimi twiga kamlamba mwanangu begi. Ulimi mweusi tii, unakaribia nusu mita. Begi limekataliwa kuoshwa, wiki ya pili hii. Njooni mnuse.

Mzee_wa_Data
Kuhusu simba, msimlaumu. Anaweza kulala na kujinyoosha mpaka saa 20 kwa siku. Nendeni asubuhi na mapema kabla jua halijachoma.

Bi_Kiraka
Saa 20?! Na mimi niliyelea watatu naitwa mvivu.

Tunu_wa_Nne
Wangu aliniuliza heroe walipata wapi ile rangi ya waridi. Nikasema wamepakwa. Nimekosea?

Mzee_wa_Data
Umekosea. Ni chakula, mwani na vijiduvi. Vifaranga vyao huwa vya kijivu.

Tunu_wa_Nne
Afadhali hakuwepo mtu wa filimbi.

Mchokonozi
Tukiwa hapa hapa: pundamilia ni mweupe mwenye mistari myeusi, au mweusi mwenye mistari meupe? Mtoto kaniuliza kwenye foleni ya choo, nikajifanya simu inaita.

Dereva_wa_Kigari
Mweupe. Tumbo hulioni?

Mzee_wa_Data
Mweusi. Chini ya manyoya ngozi ni nyeusi.

Dereva_wa_Kigari
Ulimnyoa wewe?

Mama_Mapacha
Tumbo jeupe, mambo kwisha. Huyu wa data ajibu hoja ya tumbo.

Baba_Machachari
Jamani tulikuwa kwenye filimbi.

Bi_Kiraka
Mkuu mambo ya filimbi fungua uzi wako, hapa tupo kwenye pundamilia.