Kugandisha tishu ya ovari kabla ya kemo: itafikaje Nairobi kutoka Kisumu?

Nesi wa Watoto, Kisumu
Hamjambo. Msichana wa miaka 12, hajavunja ungo, ana limfoma ya Hodgkin (saratani ya tezi). Wiki ijayo anaanza kemo (dawa za saratani) yenye saiklofosfamaidi, ambayo inaweza kuharibu ovari. Mamake anauliza kama atakuja kuzaa. Laparoskopi (upasuaji wa matundu madogo) ya kutoa ovari tunaweza kupata hapa, lakini maabara ya kugandisha itabidi iwe Nairobi. Ovari itafika ikiwa hai? Ama sindano ya goserelini, ile ya homoni ya kulaza ovari wakati wa kemo, inatosha?

Fundi wa Maabara
Sista, goserelini hutuliza ovari iliyokwisha kuamka. Ya huyu bado imelala. Kugandisha mayai nako kunataka siku 10 hadi 14 za homoni na mwili uliobalehe. Kwake imebaki kugandisha tishu ya ovari.

Kusafirisha kunawezekana. Denmark husafirisha tishu ndani ya kasha lenye barafu kwa saa 4 hadi 5 hadi Copenhagen, na watoto wamezaliwa. Hatari kubwa iko theata. Daktari asichome ovari kwa umeme, na mishipa ya damu aifunge mwisho kabisa. Halafu fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande vya kupimwa! Theata imezoea kutumbukiza kila kipande humo, na hapo seli zote zinakufa. Kipande kidogo tu ndicho kiende patholojia kutafutwa saratani. Iliyobaki iingie kwenye chupa safi isiyo na vijidudu, yenye kimiminika cha kutunza tishu hai, Leibovitz L-15 au Custodiol, kilichopozwa mapema, nyuzi 4 hadi 8. Chupa isigusane na barafu: tishu ikiganda njiani bila dawa ya kuikinga, fuwele hupasua seli.

Maabara hubakiza ganda la nje tu, unene wa milimita 1 hadi 2, kwa sababu mayai machanga yamo humo. Likizidi hapo dawa hiyo ya kukinga haipenyi. Hupozwa polepole, kama nyuzi 0.3 kwa dakika hadi -40, kisha kwa kasi, mwisho nitrojeni ya -196.

Daktari wa Akina Mama, Nakuru
Pimeni mapema VVU, hepatitisi B na C, na kaswende, maana majibu ndiyo huamua tishu itahifadhiwa kwenye tangi lipi la nitrojeni. Pleteleti (chembe za kugandisha damu) pia, kabla ya kisu. Ingekuwa lukemia (saratani ya damu) ningesita zaidi, kwani seli zake hujificha ndani ya tishu na zinaweza kurudi nayo.

Mama aambiwe ukweli wote. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Ubelgiji 2004, na sasa wamepita 200, lakini wachache sana ni wa mama waliogandishiwa kabla ya kubalehe. Ikirudishwa mwilini na kupandikizwa, tishu nyingi huanza kazi baada ya miezi 3 hadi 6, na mayai mengi hufa kabla damu haijaifikia.

Nesi wa Watoto, Kisumu
Asanteni sana. Na kemo ikilazimika kutangulia?

Fundi wa Maabara
Tishu bado huweza kutolewa baada ya mzunguko wa kwanza, ila mayai yatakuwa yamepungua. Usiombe nafasi ya theata kabla ya kupiga simu maabara. Uliza kama wanagandisha tishu yenyewe: maabara nyingi za uzazi hugandisha mayai na viinitete kwa njia ya haraka tu, na hazina mashine ya kupoza polepole. Waulize pia chupa zao na saa ya mwisho ya kupokea.