Elki wa Milima ya Rocky: ningoje kitalu kikubwa Colorado, nitumie pointi sasa, niende Wyoming au New Mexico?

Mkaazi wa Houston

Wapendwa wawindaji, ninaomba ushauri wenu kabla muda wa kupeleka maombi haujaanza. Ninaishi Texas nikiwa na ukaazi wa kudumu, na kwa hiyo kila jimbo la Milima ya Rocky linanihesabu kuwa mgeni linapogawa leseni. Elki ni yule ayala mkubwa wa Amerika Kaskazini, na pointi ni alama ambazo mwombaji hujikusanyia mwaka hadi mwaka ili apate kipaumbele kwenye droo ya leseni. Pointi zangu za elki ni sita Colorado na nne Wyoming. Ninakusudia kuwinda dume kwa bunduki, katika ardhi ya umma, bila kukodi kampuni ya uwindaji, pamoja na shemeji yangu ambaye hana pointi hata moja. Njia ninazozifikiria ni kuendelea kungoja kitalu cha nyara kubwa kaskazini magharibi mwa Colorado, kuzitumia sasa pointi nilizo nazo katika kitalu cha wastani cha jimbo hilohilo, kuomba Wyoming, au kwenda New Mexico ambako hakuna pointi kabisa. Shemeji anapendelea hiyo ya kwanza kwa sababu ya picha za pembe alizoziona. Mimi ninaogopa kwamba tutazeeka tukisubiri.

Mzee Kibo

Ndugu, hofu yako ina msingi. Vitalu namba 2, 10 na 201, vilivyo katika ile kona ya Colorado inayopakana na Utah na Wyoming, vinahitaji pointi zaidi ya 20 kwa dume la bunduki, na kiwango hicho hakitulii. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba kitalu kinatoa leseni kumi kwa wageni kila mwaka, na kwamba mbele yako kuna watu mia tatu wenye pointi nyingi kuliko zako: wakiendelea wote kuomba, itapita miaka thelathini kabla hujafikiwa, kwa kuwa kila unapoongeza pointi moja nao wanaongeza yao. Tena wageni hawapati zaidi ya robo ya leseni za droo. Nafuu ipo, lakini ni ndogo: katika misimu inayogombewa sana, hadi asilimia 20 ya leseni hutolewa kwa bahati nasibu miongoni mwa waombaji wenye pointi tano au zaidi, nawe umeshavuka kiwango hicho. Omba ukipenda, ila usiombe likizo kazini kwa kuitegemea.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitumii ni chaguo la pili. Colorado hukufutia pointi pale tu unapopata chaguo lako la kwanza. Kwa hiyo unaweza kuomba pointi peke yake katika chaguo la kwanza, ukaweka kitalu kisichogombewa katika chaguo la pili, na ukikipata utawinda mwaka huohuo huku pointi zako zikiongezeka. Kuhusu shemeji yako, tahadhari: mkiomba Colorado kama kundi, nyote wawili mtahesabiwa kwa pointi za mwenye chache kuliko wote, yaani sifuri, na sita zako hazitakusaidia kitu. Wyoming wao huchukua wastani wa kundi, na nyinyi mtakuwa na mbili.

Dada wa Laramie

Shikamoo Mzee Kibo. Naomba niongeze habari za Wyoming, kwa kuwa ndiko ninakoishi na ndiko wageni wanakopotea zaidi kwenye masharti kuliko kwenye milima yenyewe.

Robo tatu ya leseni za elki kwa wageni hutolewa kwa kufuata pointi, na robo inayobaki ni bahati nasibu, kwa hiyo hata shemeji asiye na kitu ana nafasi yake. Zipo bei mbili za leseni ileile: ya kawaida, inayokaribia dola 700, na ya pekee, inayozidi dola 1,900. Ile ghali haikupi mnyama wa ziada wala siku za ziada. Unachonunua ni foleni fupi, kwa sababu asilimia 40 ya leseni imetengwa kwa wanaokubali kulipa bei hiyo. Mimi huona ni ghali mno kwa mtu anayetaka dume lolote halali, lakini mwenye pointi nyingi anayekilenga kitalu kimoja tu anaweza kuwa na hoja.

Sharti linalowakwaza watu ni la maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa na serikali kuu. Mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa humo bila kiongozi mwenye leseni, au mkaazi wa Wyoming aliyechukua kibali cha kumsindikiza, ambacho hutolewa bure. Mgeni huyohuyo anaruhusiwa kutembea humo peke yake, kulala humo na kuvua samaki humo. Nisemeje? Sheria hii inalinda mapato ya wenye kampuni kuliko inavyolinda maisha ya mtu. Hata hivyo ipo, na kwa kuwa hutaki kukodi kampuni, ondoa kwenye hesabu vitalu vingi vya kandokando ya Yellowstone, ambako pia kuna dubu wa grizi na utalazimika kutembea na dawa ya kumpulizia dubu, ikiwa kiunoni.

Kusini mwa jimbo shida ni nyingine. Kandokando ya reli ya Union Pacific ardhi imegawanywa kama ubao wa drafti, mraba wa umma ukifuatiwa na mraba wa mtu binafsi, hivi kwamba ardhi ya umma hugusana kwenye pembe tu. Wawindaji kutoka Missouri waliwahi kuvuka pembe hizo katika Elk Mountain, mwaka 2021 wakitumia ngazi ili wasikanyage ardhi ya mwenye shamba, wakashtakiwa. Mwezi Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyopo Denver iliwapa haki, na uamuzi huo unayahusu pia majimbo ya Colorado, Utah na New Mexico. Maeneo yaliyokuwa yamefungwa sasa yanafikika, mradi uwe na ramani ya simu inayoonyesha mipaka na usikosee pembe hata kwa hatua moja.

Msafiri wa Albuquerque

New Mexico nitaieleza kwa ufupi. Wakaazi hupewa asilimia 84 ya leseni za droo, wageni waliofunga mkataba na kampuni asilimia 10, na wageni wanaojitegemea kama wewe asilimia 6. Msitu wa Gila una madume makubwa kweli, na asiye na pointi husimama sawa na kila mtu, lakini asilimia 6 ni asilimia 6. Fedha yote hulipwa wakati wa kuomba, kisha leseni ukiikosa unarudishiwa. Omba kila mwaka kama nyongeza, huku ukiwa na mpango mwingine ulio imara.

Mvita

Ninamuunga mkono Mzee Kibo, ila ningeanzia chini zaidi. Wapeni mwaka wa kwanza vitalu vya Colorado ambavyo leseni ya dume kwa msimu wa pili au wa tatu wa bunduki hununuliwa moja kwa moja bila droo. Uwanda wa juu wa Flat Tops na kundi la elki la White River uko ndani ya vitalu vya namna hiyo. Watu watakuwa wengi na madume yatakuwa machanga, lakini mtajifunza mambo ambayo mkiyajifunzia kwenye leseni ya pointi 20 yatawauma.

La kwanza ni kimo. Kambi nyingi ziko baina ya mita 2,700 na 3,300. Kwa waliopanda Kilimanjaro, huko ni baina ya Mandara na Horombo, na mtu aliyetoka usawa wa bahari jana hawezi kuanza kukimbilia mteremko leo. Fikeni mapema, mlale chini kwanza.

La pili ni nyama. Elki dume huweza kuzidi kilo 300, na nyama yake bila mifupa huweza kufika kilo 100. Hamtambeba mzima. Mlazeni ubavu, mpasue ngozi kufuata uti wa mgongo, mchune hadi tumboni, mtoe paja, bega, sarara na nyama ya shingo, kisha mmgeuze na kurudia upande wa pili, yote hayo bila kufungua matumbo. Funga kamba mguuni na uikaze kwenye mti kabla hujaanza, kwa sababu kwenye mteremko mzoga huteleza na wewe ukiwa na kisu mkononi. Kila kipande kiingie kwenye mfuko wa kitambaa na kitundikwe kivulini, kwani joto lililobaki kwenye fupa la paja huozesha nyama hata kwenye baridi. Acheni kiungo kinachoonyesha jinsia ya mnyama kikiwa kimeshikamana na nyama, maana maofisa hukitazama. Majimbo mengi pia hayaruhusu kuingiza kichwa na uti wa mgongo kwa sababu ya ule ugonjwa wa kudhoofisha ubongo wa ayala na elki, kwa hiyo pimisheni mnyama hukohuko na mwondoke na nyama tupu.

Kwa Waislamu wenzangu: bismillahi husemwa wakati wa kufyatua, na ukimkuta angali hai unamchinja. Beba kisu kikali cha kazi hiyo peke yake.

Mwanafunzi Boise

Samahanini wakubwa zangu, mimi nipo kwa viza ya masomo. Je, ninaruhusiwa kushika bunduki?

Dada wa Laramie

Mdogo wangu, sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. Pata kwanza cheti cha mafunzo ya uwindaji, kisha leseni, na uitembeze pamoja na pasipoti. Usishike bunduki ya rafiki kabla ya hapo, hata kwa shabaha ya kujifunza.

Mkaazi wa Houston

Ninawashukuru nyote. Nimeamua hivi: Colorado nitaomba pointi tu katika chaguo la kwanza, na tutanunua leseni za msimu wa tatu kwa ajili ya Flat Tops. Wyoming tutaomba kwa wastani wetu wa pointi mbili, leseni ya kawaida, nje ya nyika. Shemeji amekubali, ingawa bado ananitumia zile picha.

Mzee Kibo

Vizuri, ila tazama kalenda kabla hujalipa. Maombi ya elki ya Wyoming kwa wageni hufungwa mwanzoni mwa Februari na fedha yote hukatwa hapohapo, wakati majibu hutoka Mei. Maombi ya Colorado hufungwa mwanzoni mwa Aprili, yaani kabla hujajua la Wyoming. Hizo leseni za Flat Tops zisizo na droo ziacheni hadi majibu ya Wyoming yatoke, zitakuwa bado zipo.